Sikutoka Mahali Pabaya

Nilifurahi kule. Naanza na hilo kwa sababu ndilo neno ambalo watu wangu hawataki kulisikia, na mimi sitaki kulifuta. Nilivaa magwanda, nikapanda ndege, nikakaa mwaka mzima kwenye kilima cha watu wengine kusini mwa Lebanoni, nikiendesha boza la maji la jeshi. Ule ndio mwaka mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Siamki nikipiga kelele. Sishtuki mlango ukigongwa. Nikikumbuka kule natabasamu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Hapa Somanda, mjini Bariadi, kwenye kijiwe chetu cha bodaboda, vijana wananiita Mjeda. Abiria wakikosekana, wanahamia kwangu.

"Mjeda, uliua wangapi?"

"Sikuua mtu."

"Hata mmoja? Wa kusingizia tu?"

"Nilikuwa dereva wa boza."

"Sasa mlienda kulinda amani au kumwagilia bustani?"

Wanacheka, nami nacheka nao, maana hawana ubaya. Lakini naona wanavyovunjika moyo. Wangependa niwe na kovu. Mtu mwenye kovu unajua umweke wapi.

Nyumbani kijijini kwetu Migato hawacheki.

Shule niliiacha mapema. Darasa la saba nilimaliza, sekondari nikakaa muhula mmoja na nusu, nikaona inatosha. Sikufukuzwa. Nilikuwa na maswali mengi ambayo mwalimu hakuwa na muda nayo, na dirishani yalikuwa yakipita malori ya pamba. Nilitaka kujua yanakwenda wapi. Nikawa utingo, nikalala juu ya marobota, nikajifunza kuendesha kwa kuiba usukani dereva akisinzia. Miaka ile jeshi lilikuwa bado linachukua watu wa darasa la saba, hasa ukiwa unajua gari. Nikaingia. Kaka yangu, ambaye hajawahi kulala nje ya Itilima zaidi ya juma moja, alisema nimeingia jeshini ili nipate mtu wa kuniamrisha niondoke. Hakukosea sana.

Kazi yangu kule Lebanoni ilikuwa nyepesi kuieleza. Asubuhi nateremka na boza hadi kisimani, najaza, napandisha kambini, natapisha kwenye matangi, narudi tena. Safari nne kwa siku, tano kukiwa na joto. Njia ilipita katikati ya kijiji cha mawe, nyumba zimepandana mgongoni mwa kilima kama mbuzi kwenye kichuguu. Sisemi hakukuwa na hatari. Kando ya barabara kulikuwa na vibao vyekundu vya pembetatu vya kukuambia ukikojoa, kojoa palepale ulipo, usiingie porini, maana mabomu yalikuwa bado yamezikwa humo. Mbuzi mmoja aliingia. Tulimsikia tu. Ndege za kivita zilikuwa zikipita juu hadi vioo vinalia. Yote hayo nayajua, na bado nasema nilifurahi.

Majira ya baridi yalinikuta sijajiandaa. Siku moja nilitoka hemani nikakuta kambi nzima nyeupe. Mwenzangu mmoja wa Meatu, mtoto wa wakulima wa pamba kama mimi, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akasema, "Nani kapasua robota?" Tuliikanyaga ile theluji kwa heshima, kana kwamba kuna mwenyewe atakayekuja kuidai. Nikaijaza kwenye kikombe nikaiweka juu ya jiko kuona itatoa maji kiasi gani. Kidogo sana. Mtu anaweza kufa kiu amezungukwa nayo. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina binti wa miaka tisa nyumbani, na nilikuwa kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa stoo.

Sasa nimtaje mama wa tumbaku, kwa sababu bila yeye mtu hawezi kuelewa ukaidi wangu.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kona ya mwisho kabla ya kisima. Alikuwa mzee, mfupi, kitambaa cheupe kichwani, na kila asubuhi alikuwa ameketi barazani na wakwe zake wawili, wake za wanawe, katikati yao lundo la majani mabichi. Siku moja mkanda wa pampu ulinikatikia mbele ya nyumba yake. Fundi akasema kwenye redio nisubiri saa nzima. Kwa mtu kama mimi, saa nzima ya kuangalia watu wakifanya kazi nisiyoijua ni zawadi. Nilisogea. Walikuwa wanatunga majani ya tumbaku. Kila mmoja ana sindano ndefu bapa, ndefu kama mkono hadi kiwiko. Unachoma jani kwenye shina lake, unalisukuma nyuma, unachoma lingine, mgongo kwa mgongo, tumbo kwa tumbo, sindano ikijaa unayashusha kwenye uzi. Uzi ukijaa linakuwa shada refu, linaning'inizwa juani kwenye fremu ya mbao.

Niliomba sindano kwa ishara. Wakwe wakacheka hadi wakajifunika nyuso. Mama hakucheka. Alinipa, akaniangalia nikiharibu majani sita, la saba akanishika mkono akauinamisha kidogo, basi. Kwetu nimechambua pamba tangu sijaota meno ya pili, nikitenga safi na fifi, ile chafu, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa na adabu tayari. Fundi alipofika nilikuwa nimemaliza nusu uzi, na nilimchukia kwa kuwahi.

Tangu siku hiyo nilisimama pale kila nilipopita na boza tupu. Dakika kumi, dakika kumi na tano. Lugha hatukuwa nayo, lakini tuliigundua kipande kwa kipande. Nikisema sukari, anaelewa. Samaki, anaelewa. Asali, anaelewa. Tukihesabu, moja hadi tano kila mtu kivyake, halafu tunakutana kwenye sita na saba, tunaachana kwenye nane, tunakutana tena kwenye tisa. Alikuwa akiipenda hiyo tisa. Tukifika hapo anapiga goti lake kwa kiganja. Mimi nilimwita mayu, kama ninavyomwita mama yeyote wa rika lake kwetu, naye akadhani ndiyo salamu yetu, akawa ananiitikia mayu.

Ukuta wa nyumba yake ulikuwa na matundu. Makubwa mengine ngumi inaingia. Siku moja niliyaonyesha kwa kidole nikauliza kwa uso. Akainuka, akanionyesha picha ya kijana kwenye fremu, akanionyesha ardhi. Kisha akanionyesha makopo ya maziwa ya unga aliyokuwa ameyapanga chini ya yale matundu, moja chini ya kila tundu, na kila kopo lina mrehani. Akakata tawi, akalisugua kiganjani, akaninusisha. Nilijua amenijibu.

Tumbaku ina utomvu. Unaganda vidoleni, mweusi kama lami, na sabuni ya jeshi haiutoi. Utomvu huo ndio ulioniponza. Tulikuwa na ukaguzi wa usafi, tumenyoosha mikono mbele, afande akasimama kwangu.

"Hii ni nini?"

"Tumbaku, afande."

"Unavuta kwa mikono miwili?"

"Sivuti, afande. Natunga."

"Unatunga nini?"

"Mashada, afande."

"Mashada ya nani?"

"Ya mama, afande."

"Mama yako yuko Bariadi!"

"Huyu ni wa huku, afande."

Mstari mzima ulitikisika kwa watu waliokuwa wakizuia kicheko. Nilipewa siku saba za kujaza viroba vya mchanga, na onyo kwamba boza la jeshi halina kituo cha chai. Nilijaza viroba kwa furaha. Nikiwa pale juu niliweza kuliona baraza lake, dogo kama kiberiti, na siku ya nne mmoja wa wakwe aliliona boza likiendeshwa na dereva mwingine, mkwe akasimama katikati ya barabara, akamhoji yule maskini kwa Kiarabu mpaka akakimbia. Nilipopewa tena usukani, nilikuwa nikipita kwa mwendo mdogo na kupiga honi mara tisa. Kusimama nikaacha. Karibu niache.

Huo ndio mwaka wangu. Nikarudi.

Kosa langu nililifanya siku ileile ya kufika, na nilifanya kwa mapenzi. Katika ukoo wetu mtu aliyetoka kwenye nchi ya vita haingii nyumbani hivihivi. Anasimama njia panda, shangazi yake, sengi, anakuja na maji yenye majani yake, anamwuliza mara tatu, "Umetoka wapi?" Na yeye anajibu mara tatu, "Natoka mahali pabaya." Kila akijibu anamwagiwa. Ndipo anaingia, na hasa ndipo anapoweza kukanyaga zizi. Mimi nilifika jioni ng'ombe wanarudi malishoni. Nilikuwa nimewakosa mwaka mzima. Niliwafuata kwa nyuma, nikasukumana nao kupita kwenye ua wa minyaa, nikaingia zizini na buti zangu, nikakumbatia shingo ya dume moja jeusi mbele ya watu wote. Baba yangu, ambaye alikuwa bado hai, alitazama pembeni.

Msimu uliofuata mitamba minne iliharibu mimba.

Nilikwenda kwa bwana mifugo, nikamwuliza mpaka akachoka. Akaja, akachukua damu, akasema ni ugonjwa unaojulikana, unapatikana wilaya nzima. Nilirudi na jibu hilo kwa kaka yangu nikiwa na hakika limemaliza kazi.

"Sawa," kaka alisema. "Ni ugonjwa. Nani aliuleta?"

"Ulikuwepo."

"Ulikuwepo wapi? Miaka yote haukuwepo, umekuja wewe na buti."

Baada ya hapo nikaacha jeshi muda wangu ulipokwisha, nikawa mtu wa kuhamahama. Nilivua dagaa Kalemela misimu miwili. Nilikwenda machimboni Geita nikatoka na vumbi tu. Niliendesha malori ya pamba, nikalima mpunga wa kukodi, nikauacha haujakomaa. Mama wa binti yangu alichoka kuningoja, akaolewa Maswa, na binti akalelewa na kaka. Kila nilipoondoka, kaka alisema ni kwa sababu sikuoshwa. Vita vimemkaa, alisema. Ukoo mzima ukakubali. Ikawa ndiyo maelezo yangu, kama namba kwenye gari.

Mwaka huu binti yangu amepata mchumba. Ana kibanda chake cha kusuka nywele hapa Somanda, kijana ni fundi umeme wa kwao Lagangabilili, watu wazuri. Ng'ombe wa mahari wakakubaliwa, siku ikapangwa. Na kwetu siku ng'ombe wa binti wanapoletwa, baba mzazi ndiye anayesimama mlangoni mwa zizi. Kila ng'ombe anapopita anamgusa mgongoni kwa fimbo. Asipoguswa na baba, hasemwi kwamba amepokewa na mwenye mtoto, anasemwa amepokewa na walezi. Nilikuwa nimekosa mambo mengi ya yule mtoto. Hili nililitaka.

Kaka akaniita Migato. Nilikuta ameketi nje ya jiko na shangazi yetu, wa mwisho aliyebaki hai kwa upande wa baba, wanapukuchua mahindi.

"Mwadila, sengi."

"Mwadila, ng'wana wane. Keti, mwanangu. Hapana, siyo hapo, hapo kuku wamefanya yao."

Kaka hakuzunguka. "Zizini huingii bila kuoshwa. Sitaki mitamba ya mtoto iharibike kama ile."

"Niosheni," nikasema.

Wote wawili wakaacha kupukuchua.

"Umekubali?" shangazi akauliza.

"Maji sijawahi kuyakataa. Nilikuwa nayabeba kwa boza. Utaniuliza nimetoka wapi, nami nitajibu natoka mahali pazuri."

"Ee!" Shangazi akanirushia gunzi. "Hiyo si kuoshwa, hiyo ni kuoga! Maji yatajuaje yaondoe nini?"

"Basi hakuna cha kuondoa."

"Ng'wana wane, maneno matatu. Mdomo wako umesema uongo mwingi kuliko huo. Ulimwambia mama yako, Mungu amweke pema, kwamba unakwenda Bariadi kununua chumvi, ukarudi baada ya miezi minane."

"Chumvi nilileta."

"Alileta," shangazi akamwambia kaka, akicheka bila kupenda. "Kweli, alileta." Kisha akanigeukia. "Hiyo Lebanoni ni ile ya kwenye Biblia? Yenye mierezi?"

"Ndiyo hiyo. Mierezi niliiona kwenye bendera tu. Upande wetu kulikuwa na mizeituni na tumbaku."

"Haya. Nchi ya Biblia haitakasirika ukiisema vibaya mara tatu. Imesemwa vibaya na manabii."

Kaka hakucheka. "Unaona, sengi? Hata sasa anatetea. Mtu mzima anakaa kwenye risasi mwaka mzima, anarudi anasema alifurahi. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Nilitaka kuwaambia habari za mama wa tumbaku, nikawaambia. Nikawaambia juu ya makopo chini ya matundu. Nikawaambia kwamba yule mama amezika mwana pale, na bado anafagia baraza lake kila asubuhi, na kama angenisikia nikipaita kwake mahali pabaya angeninyang'anya sindano. Alinikaribisha mgeni mwenye bunduki nyuma ya kiti, hakuniuliza kwanza nimetoka wapi. Siwezi kwenda kusimama njia panda ya Migato nimtukane ili ng'ombe wapone.

"Hatakusikia," kaka alisema.

"Mimi nitajisikia."

"Basi utasimama nje ya minyaa. Mimi nitawagusa."

Nikaondoka na pikipiki yangu bila kunywa maji.

Siku ya pili yake binti alikuja kijiweni. Vijana wakamwachia benchi. Mmoja akatununulia chai, akaondoka kwa adabu ambayo sikujua anayo. Binti hakuketi karibu yangu. Aliketi mbele yangu, kama mtu aliyekuja kuhoji.

"Baba mkubwa ameniambia," akasema. "Nimekuja kukuomba. Useme tu."

"Mama, si maji ninayoyakataa…"

"Najua si maji. Ameniambia yote, mpaka habari za mrehani. Baba, nataka uwe mlangoni. Sikuombi kitu kingine maishani."

Nikamwambia kwamba nataka kuwa mlangoni kuliko anavyojua, na kwamba siwezi kusema uongo ule. Niliona uso wake ukibadilika, na haikuwa hasira niliyoitarajia.

"Wewe unafikiri huko kuoshwa ni kwa ajili ya ng'ombe," akasema. "Nikiwa na miaka tisa waliniuliza shuleni, baba yako yuko wapi. Nikasema vitani. Nilijivuna. Uliporudi nikangoja ukae. Ukaenda Kalemela. Nikasema ni vita hivyo. Ukaenda Geita, nikasema ni vita. Nilipomaliza darasa la saba hukuja, watoto wengine wana baba zao wamevaa mashati meupe, nikawaambia baba yangu vita vimemharibu, hawezi kukaa penye watu wengi. Nimekusemea hivyo miaka kumi na tano. Sasa unasema kule kulikuwa kuzuri."

Chai yangu ilipoa mkononi.

"Ulifurahi kweli?"

"Ndiyo."

"Kuliko hapa? Kuliko ukiwa na mimi?"

Hapa ndipo ningeweza kudanganya, na hakuna mtu angenilaumu. Shangazi angesema ni neno moja. Lakini yule mtoto alikuwa ameishi kwa uongo tayari, na uongo wenyewe alikuwa ameutunga peke yake kwa sababu mimi sikuwepo kumpa kitu kingine.

"Mwaka ule nilifurahi kuliko mwaka wowote," nikasema. "Wewe hukuwa na kosa. Na vita havikunifanya kitu. Nilipokwenda Kalemela nilikuwa mzima. Geita nilikwenda mzima. Siku ya mashati meupe nilikuwa Mwanza naangalia meli inavyounganishwa. Nilijua tarehe. Niliondoka kwa miguu yangu, kwa sababu nilitaka kuona. Usiisingizie Lebanoni. Nisingizie mimi."

Alimwaga chai yake chini, taratibu, mpaka kikombe kikabaki kitupu. Akakaa akiitazama ikinywewa na vumbi.

"Afadhali ungekuwa mgonjwa," akasema.

"Najua."

Akainuka, akafunga khanga vizuri. Alipokuwa ameshapiga hatua kadhaa aligeuka.

"Jumamosi utasimama nje?"

"Nitasimama nje."

"Usije ukaniambia umepata safari."

Jumamosi nilifika Migato kabla ya jua kupanda. Nilivaa shati jeupe, nikasimama nje ya ua wa minyaa, hatua tatu kutoka mlango wa zizi. Fimbo yangu nilikuwa nayo, ingawa haikuwa na kazi. Ndugu walipita wakanisalimia huku wakiangalia mahali pengine. Kaka alisimama mlangoni na koti la suti. Jasho lilikuwa likimtoka.

Ng'ombe walifika saa nne, vumbi kwanza, kisha mluzi, kisha wenyewe. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alisogea kwangu, akanisalimu mwangaluka, akauliza, "Wewe ni jirani?"

"Ni baba wa binti."

Akatazama mlango, akanitazama mimi. "Mbona uko huku?"

"Nimekataa kuoshwa."

"Uliua?"

"Hapana."

"Sasa si ungeoshwa tu?" akasema, akanishangaa hasa, akaenda zake kuwaambia wenzake. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Hiyo niliistahili, nikaibeba.

Ndipo shangazi akatokea nyuma ya nyumba na beseni kichwani, anakuja moja kwa moja hadi nilipo. Alilitua chini akihema. Maji yalikuwa na majani yake. Akaninong'oneza kwa haraka, jicho moja likiwa kwa ng'ombe.

"Nimemwambia kaka yako asubiri kidogo. Sikiliza. Nitakuuliza kwa sauti. Wewe chezesha mdomo tu. Mimi ni mzee, masikio yangu mabovu, nitasema nimesikia. Nani atanipinga? Ng'wana wane, usikose ng'ombe wa mwanao."

Nakiri kwamba nilitamani. Mlango ulikuwa hatua tatu. Ng'ombe walikuwa wamesimama, wakikojoa, wakipunga mikia, na dume la mbele lilikuwa jekundu, zuri sana. Shangazi alikwisha kuchota kwa kibuyu.

"Umetoka wapi?" akauliza kwa sauti.

Binti yangu alikuwa ametoka ndani. Wanawake walikuwa wamemshika, amevaa khanga mpya mbili, kichwa kimesukwa. Haikuwa zamu yake ya kutoka. Alijichomoa akaja hadi kwenye minyaa, upande wa ndani, mimi nikiwa nje. Hakunitazama mimi. Alimtazama shangazi.

"Bibi, mwache."

"Mjukuu wangu, ni maneno tu…"

"Ameshaniambia alikotoka. Mwache." Sauti yake ilikuwa kavu. Hakuwa amenisamehe, na sijui kama amenisamehe hadi leo. Akamgeukia kaka yangu mlangoni. "Baba mkubwa, waguse. Wewe ndiye uliyenilea. Waguse wewe."

Kaka alitazama chini. Kisha akainua fimbo.

Shangazi alimwaga maji pembeni, mbali na miguu yangu, akininung'unikia kwamba nimempandisha mlimani kuchuma majani bure, na magoti yake yale. Ng'ombe wakaanza kupita. Kaka akawagusa mmoja mmoja, taratibu, vizuri, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na kivuli upande ule, na kulikuwa na gari la pamba barabarani linaloelekea Lamadi ambalo dereva wake ananijua, akapunguza mwendo, akaniita kwa honi. Nikampungia mkono apite.

Binti alibaki pale kwenye minyaa mpaka wanawake walipokuja kumrudisha. Kabla hajaenda alinyoosha mkono juu ya ua, bila kunitazama, akanitoa jani lililokuwa limenasa begani mwa shati.

"Unabaki kula," akasema.

"Nabaki."